Nafasi Moja Katika Mia Saba Ishirini na Tisa

Mwalimu Chidosa amefariki wiki iliyopita, na wenzangu wa kidato cha nne, ambao siku hizi tunakutana kwenye simu tu kwa kutumiana salamu za sikukuu na picha za wajukuu, wameniomba niandike maneno machache ya kusomwa kaburini. Wamenichagua mimi kwa sababu nami nimefundisha hisabati mpaka nikastaafu, na wanadhani mtu aliyefuata kazi ya mwalimu wake lazima alimpenda. Niliwajibu kwamba siendi mazikoni na wala siandiki. Mmoja akauliza kama nina kinyongo na maiti. Nikamwambia kinyongo changu ni cha tangu akiwa hai, na sioni kwa nini kizikwe naye. Nami nikabaki nimekaa jikoni kwangu, chai inapoa, nikaanza kuandika haya ambayo hakuna atakayeyasoma mbele ya jeneza.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Dodoma, mahali penye upepo unaoanza asubuhi na kuacha vumbi jekundu kwenye kila kitu, hata ndani ya kikombe kilichofunikwa. Mwaka ule maduka ya mjini yalikuwa yamejaa ghafla. Sisi tuliozoea kufulia majani ya mpapai na kusubiri sukari ya kibali tulianza kuona sabuni zenye harufu, biskuti za pakiti, na mitumba iliyomwagwa juu ya maturubai kama mavuno. Watu walisema sasa kila kitu ruksa. Kwa wenzetu waliotoka kwenye nyumba za biashara, ruksa iliingia bwenini ikiwa ndani ya tranka. Kwangu mimi, niliyetoka Mlali kwa watu wa mahindi na alizeti, ruksa ilikuwa neno la redioni. Nilivaa katambuga za tairi darasani, na zilikuwa na kelele. Nikitembea kwenye sakafu ya saruji ya bwenini kila mtu alijua ni nani anapita.

Aliyejua zaidi alikuwa Zaituni Salimu, kwa sababu tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mimi chini. Zaituni alitoka Kondoa mjini, nyumba ya wauza vitambaa, na alikuwa na namna ya kuzungumza taratibu kama mtu anayepima kanga kwa mkono. Hatukupendana tangu kidato cha tatu. Siku ya kwanza tulipopangwa pamoja alitazama viatu vyangu akasema, "Dada, gari lako umeliegesha wapi?" Bweni zima likacheka. Nikamjibu kwamba gari langu linapita Kondoa kila siku na halijawahi kuona kitu cha kusimamia. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Kwenye bwalo, ambako ugali ulikatwa kwa mwiko mkubwa na maharage yalikuja na wadudu wanaoelea, kila mmoja alihakikisha anakaa meza ya mbali na mwenzake. Akitingisha kitanda kule juu, nilipiga teke fito zilizobeba godoro lake. Tuliishi hivyo miezi mingi, na sijui leo kama kuna mtu niliyemfahamu kwa undani kama nilivyomfahamu yule niliyekuwa sisemi naye. Nilijua anakohoa saa ngapi, anapenda kulala upande gani, na ufunguo wa tranka lake anauficha wapi.

Chidosa alitufundisha hisabati. Alikuwa mtu mwembamba, shati lake limepigwa pasi hadi mistari ya mikono inasimama, na alikuwa na akili, sitamnyima hilo. Aliweza kuchora duara ubaoni kwa mkono mtupu likafunga sawasawa. Lakini mwaka ule mshahara wa mwalimu ulikuwa haumfikishi popote, na walimu wengi walianza kufundisha tuisheni nyumbani kwao. Wengine walifundisha darasani kama kawaida halafu jioni wakaongeza. Chidosa alipunguza darasani ili apate cha kuongeza nyumbani. Alikuwa akifika katikati ya mada anafuta ubao, anapangusa chaki mikononi na kusema, "Yaliyobaki ni rahisi, mtayasoma wenyewe." Wote tulijua yaliyobaki yanasomwa wapi. Watu watano wa darasa letu walikwenda kwake kila Jumamosi saa kumi, na Zaituni alikuwa mmoja wao.

Tulipofika kwenye mada ya uwezekano, ambayo sisi tuliita probabiliti, alitufundisha kipindi kimoja. Alitupa sarafu, akaeleza kwamba nafasi ya kupata kichwa ni moja katika mbili, akarusha dadu, akaeleza kwamba nafasi ya kupata nne ni moja katika sita, halafu akaandika ubaoni maneno mawili makubwa: NA, AU. Akasema mada yote iko ndani ya maneno hayo mawili. Nilikuwa nimeinama mbele kwenye dawati. Nilikuwa nimependa hesabu tangu nikiwa mdogo kwa sababu zilikuwa kitu pekee ambacho hakikujali umevaa nini, na hii ilikuwa hesabu ya mambo ambayo hayajatokea. Sikuwahi kufikiri kwamba kisichojulikana nacho kinapimika. Kisha akafuta ubao.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, hujatueleza hizo NA na AU zinatumikaje."

"Malogo," akasema, akiniita kwa jina la baba kama alivyotuita wote, "wewe ukiingia hotelini unakula kwanza au unauliza bei kwanza?"

Wenzangu wakacheka. Nikasema, "Hapa si hotelini, Mwalimu. Hapa ni shule."

"Basi kula ulichopewa," akasema, na akatoka kabla kengele haijalia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwake. Nilijiambia kwamba mtu akimfuata mwalimu mlangoni kwake kwa heshima hawezi kufukuzwa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa nyumba za walimu, ina kibaraza kilichozungushiwa wavu wa kuzuia mbu, na ndani ya wavu watu watano walikuwa wamekaa kwenye mkeka, ubao mdogo mweusi umeegemezwa ukutani, na katikati yao sahani ya chapati. Harufu ya yale mafuta ninaikumbuka mpaka sasa. Nikabisha hodi, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kusimama.

"Umekuja na nini, Malogo?"

"Nimekuja na daftari, Mwalimu."

Kicheko kilichotoka kwenye ule mkeka sijawahi kukisahau. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa na chapati. Zaituni hakucheka. Alinitazama miguuni, kisha akatazama daftari lake, na kutocheka kwake kuliniuma kuliko vicheko vya wengine, kwa sababu niliona ni huruma, na huruma ya mtu usiyempenda ni tusi. Chidosa akasema, "Daftari unalo. Na wenzako wanayo. Tofauti ni kwamba ya wenzako yana kitu ndani. Nenda salama." Niligeuka nikaenda, katambuga zinapiga kelele kwenye changarawe njia nzima.

Nilichofanya baadaye nakieleza kama kilivyokuwa. Kila Ijumaa mchana, mkuu wa shule aliwaruhusu wanafunzi Waislamu kwenda msikitini mjini, na bweni letu lilibaki karibu tupu, kwani sisi wengine tulikuwa bwaloni. Ijumaa ya kwanza sikwenda bwaloni. Nilitoa ufunguo pale alipouficha, ndani ya mshono wa godoro upande wa ukutani, nikafungua tranka la Zaituni. Ndani mlikuwa na kanga mpya zilizokunjwa, kopo la ubuyu, sabuni mbili ambazo hazijafunguliwa, na daftari la tuisheni lenye jalada la gazeti. Sikugusa kitu kingine. Nilikaa sakafuni nikanakili kurasa nne haraka haraka, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. Nilifanya hivyo Ijumaa tatu. Kila nilipofunga lile tranka nilijiambia kwamba siibi, kwa sababu daftari linabaki na yote yaliyomo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na hoja hiyo ilinitosha.

Kwenye ukurasa wa mwisho niliounakili kulikuwa na kanuni ya AU. Zaituni alikuwa ameandika kwamba ukitaka nafasi ya jambo hili au jambo lile litokee, jumlisha nafasi ya la kwanza na nafasi ya la pili. Basi. Pembeni palikuwa na alama ya vema ya wino mwekundu na saini fupi ya Chidosa. Niliinakili kanuni kama ilivyo. Nani angeibishia alama ile?

Mtihani wa muhula ulikuja mwezi wa sita, baridi ya Dodoma imeanza kukausha midomo. Stensili za kuchapia mitihani zilikuwa shida shuleni, hivyo Chidosa alitunga sehemu ya kwanza kwa maswali ishirini ya kuchagua, kila moja likiwa na majibu manne, ili karatasi itoshe na kusahihisha kuwe rahisi. Nilikaa karibu na dirisha. Zaituni alikaa nyuma yangu mkono wa kushoto. Nilifanya yale maswali kwa furaha, hesabu baada ya hesabu, kila jibu nililopata nikilikuta limeandikwa pale kwenye orodha likinisubiri. Nilitoka nikiwa na uhakika kwamba nimemwonyesha.

Siku nne baadaye niliitwa ofisini. Zaituni alikuwa tayari amesimama nje kwenye korido, mikono ameikunja. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima akasema nami. "Umefanya nini?" akanong'ona. Nikamwambia, "Na wewe umefanya nini?" Hatukuendelea, kwa sababu karani alitoka akasema kikao hakijaanza, tukae kwenye benchi tusubiri, na akatupa habari kabla hatujauliza: Mwalimu Chidosa amesema tumeibiana mtihani. Tumekosa maswali sita yale yale, na kwa herufi zile zile. Adhabu ya kuibiana mtihani ilikuwa kufukuzwa. Mitihani ya taifa ilibakiwa na miezi michache, na ukifukuzwa wakati ule hapakuwa na shule nyingine ya kukupokea. Ungerudi kwenu na tranka lako, na safari yako ya elimu ingeishia hapo.

Zaituni alianza kulia bila sauti. Mimi niliomba ile karatasi ya maswali kwa karani, ambaye alinipa, nafikiri kwa kunionea huruma. Nikalitazama la kwanza kati ya yale sita. Kadi kumi na mbili zina namba moja hadi kumi na mbili. Unachomoa moja bila kutazama. Kuna nafasi gani kwamba ni namba shufwa au inagawanyika kwa tatu? Shufwa ziko sita, zinazogawanyika kwa tatu ziko nne, sita na nne ni kumi, kumi katika kumi na mbili. Ndivyo nilivyojibu. Sasa nikainama, nikaandika zile namba kwa kidole kwenye vumbi la korido, moja hadi kumi na mbili, nikaanza kuzizungushia duara moja moja. Mbili, tatu, nne, sita, nane, tisa, kumi, kumi na mbili. Nane. Nikahesabu tena. Nane. Hazikuwa kumi. Namba sita na namba kumi na mbili zilikuwa shufwa na pia zinagawanyika kwa tatu, na kanuni ya Zaituni ilikuwa imezihesabu mara mbili mbili. Nikajaribu swali jingine, la namba shufwa au namba iliyo chini ya kumi. Sita na tisa ni kumi na tano. Kumi na tano katika kumi na mbili! Kitu chenye uhakika kabisa nafasi yake ni moja kamili, hakuna kinachoweza kuzidi hapo, na mimi nilikuwa nimejibu jambo ambalo haliwezekani duniani, nikafurahi. Niliangalia maswali mengine manne. Yote sita yalikuwa ya AU. Nikamgeukia Zaituni nikamuuliza, "Siku mliyofundishwa AU, ulikuwepo?" Akafuta macho. "Nilichelewa. Nilikuta anafuta ubao, nikaandika kilichobaki." Kisha akanitazama vizuri. "Umejuaje kwamba tumefundishwa AU?" Mlango ukafunguliwa kabla sijajibu.

Mkuu wa shule alikuwa mama mnene mwenye miwani, mwalimu wa historia, ambaye wote tulimwita Madamu. Aliketi nyuma ya meza, Chidosa amesimama pembeni na karatasi zetu mkononi. Tukasalimia. Madamu akaitikia. Chidosa hakuitikia.

"Madamu, mimi sitapoteza muda," akaanza. "Nitatumia hesabu. Mwanafunzi akikosa swali, kuna herufi tatu za makosa anazoweza kuchagua. Nafasi ya mwenzake kuangukia kosa lile lile ni moja katika tatu. Kwa maswali mawili, unazidisha: moja katika tisa. Kwa maswali sita, moja katika mia saba ishirini na tisa." Alilitamka taratibu, kila neno limepigwa pasi kama shati lake. "Hiyo ndiyo nafasi ya kwamba hawa wawili hawakuibiana. Na mwizi ni Malogo. Salimu namfahamu, nimemfundisha mada hii mwenyewe. Malogo hajafundishwa, lakini amepata kumi na nne kati ya ishirini. Amepata wapi?"

Madamu alivua miwani. "Hajafundishwa? Kwa nini hajafundishwa, Mwalimu? Hayuko darasani kwako?"

Chidosa alipanga upya karatasi zetu mkononi. Akasema kwamba muda haukutosha, kwamba mada ilibaki, kwamba wenye bidii waliifuatilia. "Waliifuatilia wapi?" Madamu akauliza. Nikaelewa pale pale kwamba mlango umefunguka, na kwamba wa kuuingia ni mimi, na kwamba nikiuingia nitakuwa mwizi kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Madamu," nikasema, "mimi sikuangalia karatasi ya Zaituni. Niliangalia daftari lake. Nilifungua tranka lake Ijumaa tatu, alipokuwa msikitini, nikanakili masomo ya tuisheni."

Zaituni alitoa sauti kama mtu aliyechomwa. "Ulifungua tranka langu? Mimi nimekwenda kuswali, wewe unafungua tranka langu?"

"Ndiyo."

"Mshenzi wewe!"

"Nyamazeni," Madamu akasema. Akamtuma Zaituni akalilete lile daftari. Tulisubiri, sisi watatu. Chidosa alikuwa ananitazama kwa chuki iliyo wazi kabisa, na mimi nilimtazama vilevile, jambo ambalo mtoto wa watu hafanyi kwa mwalimu. Zaituni aliporudi nilifungua ule ukurasa nikamwekea Madamu mezani. Alama nyekundu ya vema ilikuwa pale, na saini.

Madamu akasoma, akasema, "Mimi hesabu niliziacha zamani. Nieleze kama unavyomweleza mama yako nyumbani."

Basi nikamweleza. Nikamwambia kanuni ile imekatika, imebaki nusu, ile sehemu ya kutoa vilivyohesabiwa mara mbili haipo. Nikamwambia Zaituni aliinakili ikiwa nusu, mwalimu akaipitisha, mimi nikaiiba ikiwa nusu. Maswali yote sita tuliyokosa ni ya kanuni hiyo, na mwalimu alipokuwa anatunga majibu ya kuchagua aliweka makusudi lile jibu ambalo mtu atalipata akisahau kutoa. Mtego ni wake. "Mwalimu amezidisha moja katika tatu mara sita," nikasema. "Kuzidisha hivyo kunaruhusiwa kama matukio hayategemeani. Madamu, ukimuuliza mtu mmoja njia ya Mlali akakuelekeza Manyoni, ukamuuliza wa pili naye akakuelekeza Manyoni, utashangaa. Lakini ukigundua kwamba wote wawili waliambiwa njia na mtu mmoja aliyekosea, huna cha kushangaa. Wangekosea mara mia, wangekosea kwenda kule kule. Hapa nafasi si moja katika mia saba. Mwenye kanuni hii hawezi kujibu vingine. Ni uhakika."

Madamu alimgeukia Chidosa. "Ni kweli anavyosema?"

Nimeshasema alikuwa na akili. Alilielewa kabla sijamaliza, niliona usoni. Angeweza kubisha, Madamu asingejua. Badala yake akasema, "Kwa upande wa hesabu, ni kweli," kwa sauti ya mtu anayetoa jino. Kisha akaongeza, "Lakini ni mwizi." Nayo ilikuwa kweli.

Sikufukuzwa. Kwa kufungua tranka la mwenzangu nilipewa fimbo sita mbele ya wote mstarini na wiki tatu za kuchota maji ya jikoni, ndoo kichwani kutoka kwenye tanki la shule, mara nane kwa siku, wenzangu wakiwa mapumzikoni. Zaituni hakupewa adhabu yoyote. Tuisheni ilipigwa marufuku shuleni pote, na Chidosa akaamriwa kuirudia mada yote darasani kwa kila mtu. Ungefikiri darasa lingenishukuru. Wale watano walisema nimewaharibia masomo, na wasiokwenda tuisheni walisema mwenye mkono mwepesi akishafungua tranka moja atafungua yote. Nilihamishiwa kitanda cha mlangoni, penye upepo. Nikipita, watu waligeuka kutazama kama makufuli yao yamefungwa. Sikuwahi kulalamika, kwa sababu nilijua walikuwa na haki ya kufanya hivyo, na kujua hilo hakukupunguza uchungu hata kidogo.

Chidosa alirudi darasani akaandika tena NA na AU. Hakututazama. Alifundisha akiwa ametugeuzia mgongo, kwa hasira, wiki mbili mfululizo, na sijawahi kuona mada ikifundishwa vizuri vile, wala mimi mwenyewe katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kuifikia. Alichora miduara miwili inayoingiliana, akaipaka chaki sehemu ya katikati mpaka ikawa nyeupe kabisa, akasema, "Hapa ndipo wajinga huhesabu mara mbili." Aliposema matukio yasiyotegemeana alisimama kidogo. "Wakili wetu atatueleza maana yake," akasema. Tangu siku hiyo aliniita hivyo, Wakili, na hakulitamka tena jina langu. Madaftari yangu aliyarudisha bila kuyasahihisha, hata alama moja, mpaka mwisho wa mwaka. Nilijisahihisha mwenyewe kwa kuhesabu kila kitu kwa kidole, kadi kwa kadi, punje kwa punje za mahindi nilizoziokota stoo ya jikoni. Nilifaulu hisabati kwa daraja la juu. Yeye, nilisikia, mwaka uliofuata aliacha kazi akaenda kwenye moja ya shule za binafsi zilizokuwa zinafunguliwa, akapata alichokuwa anakitafuta. Watu wanasema huko alipendwa sana. Sina sababu ya kutowaamini.

Siku tulipomaliza mtihani wa taifa, lori la shule lilitushusha sote stendi ya Dodoma, kila mtu na tranka lake, vumbi limetujaa hadi kope. Basi la Kondoa lilikuwa linajaza abiria upande mmoja, na la kwetu upande wa pili halijafika. Wenzetu walikuwa wanakumbatiana na kuandikiana anwani. Hakuna aliyeniomba ya kwangu. Nilikaa juu ya tranka langu, na nilipoinua macho nilimwona Zaituni amesimama mbele yangu, kanga begani, tikiti mkononi. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile ofisini.

"Ungeomba," akasema.

"Nini?"

"Daftari. Ungeniomba."

"Usingenipa."

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani, huku utingo wa basi lake anapiga bodi na kumwita apande.

"Ndiyo," akasema. "Nisingekupa. Lakini ulitakiwa uombe."

Akageuka akapanda basi, na dirisha alilokaa karibu nalo lilikuwa la upande wa pili, nisikoweza kumwona.